UFUNDI NYUMBANI: Joto la Kompyuta Ndogo na Njia ya Kulitoa

Nyumba ya askari haina nafasi ya kuchezea. Chumba kimoja cha kambini, au viwili kwa mwenye bahati, hubeba kitanda, kabati, masanduku, vyombo vya jikoni na vitabu vya watoto. Na baada ya miaka michache huja barua ya uhamisho, vyote vikapakiwa tena juu ya lori. Kwa hiyo si ajabu kwamba kijana wa nyumba hiyo, anapotaka kompyuta ya kuhariri filamu za arusi au ya kuchorea majengo, huuliza kwanza kama ipo iliyo ndogo. Zipo. Yapo makasha ya kompyuta yenye ujazo wa lita saba tu, ambayo hayafiki hata nusu ya debe, na ndani yake huweza kuingia prosesa yenye nguvu ileile iwekwayo katika kasha kubwa la kukaa chini ya meza. Kuingia huingia, lakini kama itaweza kufanya kazi yake humo, hilo ndilo jambo linalozungumzwa juma hili.

Ichukuliwe kwa mfano nyumba ya koplo mmoja. Mwanawe amemaliza masomo, amepata wateja wawili watatu wa kazi ya picha, na baba amekubali kukopa ushirikani ili kompyuta inunuliwe. Kijana anachagua prosesa iliyo juu kabisa katika orodha ya bei, maana ameambiwa kwamba kazi ya filamu inataka nguvu. Kisha anachagua kasha dogo kuliko yote, maana baba amesema hakuna mahali pa kuweka kubwa. Siku ya kwanza kompyuta inaruka kama swala. Anapoipa kazi nzito ya kweli, ile ya kuandaa filamu nzima ya arusi hadi iwe tayari kukabidhiwa kwa wenyewe, dakika chache zinapita, feni inaanza kulia kama nyigu, na mwendo wa kazi unashuka. Hakuna kilichoharibika. Fundi akiitwa atasema kila kitu ni kizima, naye atakuwa amesema kweli. Prosesa imefikia kikomo cha joto ilichowekewa na walioiunda, ikajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Mkopo utalipwa kwa bei ya prosesa kubwa, hali kazi inayopatikana ni ya prosesa ya bei ya chini, tena pamoja na kelele.

Wengi huona vigumu kuamini kwamba kitu kidogo hivyo huweza kutoa joto jingi. Basi kilinganishwe na pasi ya umeme. Pasi ya wati 1,000 husambaza joto lake juu ya bamba lenye eneo la sentimita mraba 200 hivi, maana yake wati tano kwa kila sentimita mraba. Sasa itazamwe prosesa ya kampuni ya AMD iitwayo Ryzen 9 7950X, iliyotolewa mwaka 2022. Kiwango chake rasmi ni wati 170, na kazi inapokuwa nzito inaruhusiwa kuvuta hadi wati 230. Vipande vya silikoni vilivyomo ndani yake ni vitatu, na eneo la vyote likijumlishwa ni sentimita mraba mbili na nusu hivi. Hata kwa kile kiwango rasmi, kila sentimita mraba hutoa zaidi ya wati 60, yaani mara kumi na zaidi ya pasi. Na pasi inaruhusiwa kufika digrii 200 za sentigredi ili iondoe mikunjo ya shati, wakati prosesa hiyo haitakiwi kupita digrii 95.

Umeme wote unaoingia katika prosesa hutoka ukiwa joto. Hapa haifanani na injini ya lori, ambayo sehemu ya mafuta yake hugeuka kuwa mwendo wa magurudumu. Wati 150 zikiingia, joto la wati 150 halina budi kutoka, na katika kompyuta ya nyumbani hatimaye huchukuliwa na hewa. Hewa nayo ni mchukuzi dhaifu. Lita moja ya hewa ikiongezewa joto kwa digrii kumi hubeba jouli 12 tu. Kwa hiyo, ili kuondoa wati 150 kwa hewa inayotoka ikiwa imezidi ile iliyoingia kwa digrii kumi, zinatakiwa lita 12 na nusu za hewa kila sekunde. Kasha lenyewe ni la lita saba, na limejaa vyombo. Maana yake ni kwamba hewa ya kasha zima haina budi kubadilishwa karibu mara mbili katika kila sekunde moja, mchana kutwa, wakati wote kazi nzito inapoendelea.

Hapo ndipo penye shida yote. Udogo wenyewe si kosa: kasha dogo lililotobolewa pande zake hupoa vizuri kuliko sanduku kubwa lililofungwa. Kosa ni kuiacha hewa ijitafutie njia.

WALIOJARIBU KABLA

Kampuni ya Apple ya Marekani inafaa kuwa mfano katika jambo hili, si kwa sababu imeshindwa kuliko nyingine, bali kwa sababu imejaribu mara nyingi na habari zake zinajulikana. Mwaka 1980 ilitoa kompyuta iitwayo Apple III. Steve Jobs, mmoja wa waasisi wa kampuni, hakutaka feni kwa ajili ya kelele zake, basi sehemu ya kasha ikasubiwa kwa alumini nzito ili yenyewe ipokee joto na kulitoa nje. Wanunuzi wengi walipata mashine zilizosimama katikati ya kazi, na vipande vyake vya elektroniki vililegea katika vishikizo vyake. Ushauri uliotolewa kwa wenye mashine hizo unasimuliwa hata leo: wainue kompyuta sentimita chache juu ya meza, kisha waiachie ianguke, ili vipande virudi mahali pake. Aliyechora kasha alikana baadaye kwamba joto ndilo lililoleta balaa. Wengine hawajaacha kulilaumu. Iwe iwavyo, kampuni ililazimika kubadilisha mashine 14,000 za mwanzo, na jina la kompyuta hiyo halikupona.

Miaka 20 baadaye, mwezi Julai 2000, Jobs alilirudia wazo lilelile kwa ustadi zaidi. Power Mac G4 Cube ilikuwa mchemraba wa sentimita 20 hivi kila upande, umeshikwa ndani ya gamba la plastiki angavu, wala haukuwa na feni. Hewa iliingia chini, ikapata joto, ikapanda yenyewe katikati na kutokea juu, kama moshi upandavyo katika dohani. Kanuni hiyo ni ya kweli, na mchemraba ule ulifanya kazi kwa utulivu uliowafurahisha wenye nao. Lakini hewa inayopanda bila kusukumwa hupanda polepole, haiwezi kuhudumia moto mkubwa. Tena bei ilianzia dola 1,799, wakati kasha kubwa la kampuni hiyohiyo lilianzia dola 1,599, na hilo lilikuwa na nafasi ya kuongeza vipande baadaye. Wateja hawakutosha. Julai 2001 utengenezaji ulisimamishwa.

Jaribio la tatu linastahili kutazamwa kwa makini zaidi, maana kosa lake lilikuwa la werevu. Mac Pro ya Desemba 2013 ilikuwa silinda nyeusi yenye kimo cha sentimita 25 na upana usiofika 17. Ndani yake ilisimama nguzo moja ya alumini yenye pembe tatu, iliyo wazi katikati. Kila ubavu wa nguzo ulibebeshwa chanzo kimoja cha joto: prosesa upande mmoja, na kadi mbili za picha katika pande mbili zilizobaki. Feni moja iliyokaa juu ilivuta hewa kutoka chini, ikaipitisha katikati ya nguzo na kuitoa nje. Feni moja, njia moja, hakuna kona. Kwa yeyote aliyepata kuona jinsi nyaya na feni zinavyorundikwa ovyo katika makasha ya kawaida, ile ilikuwa kazi ya kuvuliwa kofia.

Shida ilikuja baadaye. Nguzo ile ilikuwa imehesabiwa kwa joto linalogawanyika karibu sawa kwa pande zote tatu, lakini mahitaji ya watu yaligeuka, wakataka kadi moja ya picha yenye nguvu kubwa badala ya mbili za wastani. Ubavu mmoja ungezidiwa na mwingine ungekaa bure. Hapakuwa na mahali pa kuongeza kitu. Mwezi Aprili 2017 mmoja wa wakuu wa kampuni, Craig Federighi, alikiri mbele ya waandishi wa habari kwamba kwa upande wa joto walikuwa wamejibana wenyewe kwa umbo walilolichagua. Mac Pro iliyofuata, ya mwaka 2019, ilirudi kuwa sanduku kubwa lenye feni tatu pana mbele.

Nafuu ya kweli ilitoka upande mwingine: kupunguza moto wenyewe badala ya kushindana nao. Kompyuta ndogo ya Mac mini ya mwaka 2018, ile yenye prosesa ya Intel ya viini sita, iliweza kuvuta hadi wati 122 kwa hesabu za kampuni yenyewe. Ile ya mwaka 2020, yenye prosesa ya M1, ilikaa katika kasha la vipimo vilevile, sentimita 19.7 kwa 19.7 na kimo cha sentimita 3.6, ikavuta wati 39 tu kwa upeo wake, na kazi nyingi ikazimaliza upesi zaidi. Baada ya hapo kasha lenyewe likaweza kupunguzwa: Mac mini ya mwaka 2024 ina upana wa sentimita 12.7 na kimo cha sentimita tano. Mama yeyote apikaye kwa sigiri hufanya vivyo hivyo kila siku. Sufuria ikitokota hadi kumwagika, hatafuti kifuniko kizito zaidi. Huondoa makaa mawili.

NDANI YA KASHA LA LITA SABA

Mnunuzi wa kawaida hana kiwanda. Awezalo ni kuchagua vipande na kuvipanga. Vingi vya vipande vya kompyuta ndogo hufuata kipimo kilichoanzishwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001, yaani ubao mkuu wa sentimita 17 kwa 17, uitwao Mini-ITX. Kasha la Kijerumani liitwalo DAN A4-SFX, la lita 7.2, limejengwa kuuzunguka ubao huo, na nafasi iliyoachwa juu ya prosesa kwa ajili ya chombo cha kuipoza ni milimita 48. Katika kasha kubwa chombo hicho huweza kufika kimo cha milimita 160.

Chombo chenyewe ni ndugu wa rejeta ya gari, nacho kinaweza kuitwa kipozajoto. Kina mabapa mengi membamba ya alumini yaliyopangwa kama mapezi ya samaki, ili hewa ipate eneo kubwa la kugusa, na feni ya kuipuliza. Kati ya prosesa na mapezi hayo hupita mirija ya shaba ambayo kwa macho huonekana kama fimbo tu, lakini ndiyo yenye maajabu. Mrija wa joto, kwa sura unayojulikana leo, ulionyeshwa mwaka 1963 na George Grover katika maabara ya Los Alamos, Marekani. Ndani ya mirija ya kompyuta mna maji kidogo sana, na hewa yote imetolewa, hata maji hayo huchemka kwa joto la chini mno kuliko yale ya sufuria. Upande uliolala juu ya prosesa maji hugeuka mvuke. Mvuke hukimbilia upande wa baridi, ukaacha joto lake katika mapezi na kuwa maji tena. Kisha maji hurudi kwa kunyonywa na utambi uliotandikwa ndani ya mrija, kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa kandili. Hakuna pampu wala kitu kinachozunguka. Mrija huo huweza kufanya kazi kwa miaka mingi bila kuguswa na mtu.

Kipozajoto cha Noctua NH-L9i, kilichobuniwa na kampuni ya Austria, kina kimo cha milimita 37 pamoja na feni yake ya milimita 92. Ni chombo kizuri cha namna yake. Lakini watengenezaji wenyewe wanamwonya mnunuzi kwamba awe mwangalifu kukitumia kwa prosesa inayozidi wati 65. Feni ndogo haina njia ila kuzunguka upesi: eneo la feni ya milimita 120 ni mara moja na asilimia 70 ya ile ya milimita 92, basi ndogo hulazimika kukimbia ili ipitishe hewa ileile, na kukimbia kwake ndiko kelele. Sasa unaonekana msiba wa kijana wa koplo. Ameweka moto wa wati 170 chini ya chombo kilichokusudiwa wati 65, na hakuna aliyemdanganya. Maandishi yote yalikuwapo, katika karatasi mbili tofauti.

Wako watakaosema kwamba basi itumike mashine ya kupoza kwa maji. Jibu limo katika historia ya silaha. Bunduki ya rashasha ya Vickers, iliyotumika katika vita kuu zote mbili, ilivikwa mtutu wake koti la maji ya lita nne hivi. Maji hayakuliangamiza joto. Yalilichukua yakageuka mvuke, mvuke ukapitishwa kwa mpira hadi katika kopo, ukawa maji tena. Na wapiganaji waliochunga kopo hilo walijua kwamba likikauka, bunduki nayo haina maisha marefu. Maji ndani ya kompyuta ni mchukuzi vilevile. Hulitoa joto juu ya prosesa na kulipeleka kwenye rejeta, na rejeta hiyo inataka nafasi yake, feni zake, na hewa ileile ya lita 12 na nusu kwa sekunde. Penye nafasi ya rejeta ya milimita 240 maji husaidia sana. Katika kasha la lita saba kwa kawaida nafasi hiyo haipo, na pampu ikifa katika kituo cha mpakani haipatikani nyingine dukani.

Jambo lenye faida kubwa kuliko yote halina bei hata kidogo. Prosesa za siku hizi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kukimbia hadi ukingoni, kwa sababu watengenezaji hushindana kwa zile hatua chache za mwisho za mwendo, na hatua hizo ndizo zenye joto la bure. Umeme unaoliwa na prosesa huongezeka kwa kadiri ya mwendo wake, na tena kwa kadiri ya mraba wa volti. Volti ikipunguzwa kwa sehemu moja ya kumi, ulaji hupungua karibu sehemu moja ya tano, hata kama mwendo haukubadilishwa. Ikipunguzwa volti pamoja na mwendo kidogo, nafuu huwa kubwa zaidi.

Ile Ryzen 9 7950X iliyotajwa ina mpangilio wa kubana matumizi uliowekwa na AMD wenyewe. Ukichaguliwa ule wa wati 65, upeo wa kuvuta hushuka kutoka wati 230 hadi wati 88, yaani chini ya nne ya kumi ya ilivyokuwa. Waliopima wameona kwamba hata hapo prosesa bado hufanya zaidi ya robo tatu ya kazi yake nzito. Kampuni haziitangazi hesabu hii kwa herufi kubwa. Mtu aliyelipia prosesa hiyo anaweza kuona uchungu kuipunguza kwa hiari, lakini tofauti ni hii: ikipunguzwa kwa hiari hutulia katika mwendo mmoja, bila kelele, ikiachwa ijipunguze kwa joto, hupanda na kushuka huku feni inalia na kila kilichomo kasheni kinaokwa pamoja nayo.

Kuweka kikomo cha wati hufanywa katika mipangilio ya ubao mkuu, ile inayofunguliwa kompyuta inapowashwa kabla haijaanza kazi, wala hakuna hatari kwa mashine. Kupunguza volti kunataka subira zaidi: hupunguzwa kidogo, kazi nzito ikajaribiwa, kisha kidogo tena. Ikizidi, kompyuta huzima ghafla au hukosea hesabu, na dawa yake ni kurudi hatua moja nyuma. Afadhali jaribio hilo lifanywe siku ambayo hakuna mteja anayesubiri.

Na kwa yule ambaye bado hajanunua, upo uchaguzi mwepesi zaidi. Katika ukoo uleule ipo Ryzen 9 7900 ya mwaka 2023, yenye viini 12 na kiwango rasmi cha wati 65 tangu kiwandani. Baba akopaye ushirikani anaweza kukopa pungufu.

Juu ya grisi inayopakwa kati ya prosesa na kipozajoto hayahitajiki maneno mengi. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, ambamo hewa ingejificha. Kiasi cha punje moja ya njegere chatosha kwa prosesa ya kawaida. Ikipakwa kama siagi juu ya mkate, hufurika kando na kuchafua, wala haiongezi kitu. Kila kipozajoto kinapong'olewa, ya zamani ifutwe yote na mpya ipakwe.

Njia ya hewa ndiyo inayosahauliwa na mafundi wengi. Feni ikikaa sentimita moja au mbili mbali na ukuta wenye matundu, huinyonya tena hewa ya moto iliyokwisha kutoka katika mapezi, ikaizungusha ndani badala ya kuvuta mpya kutoka nje. Pengo hilo likizibwa pembeni kwa ukanda wa sponji, hata feni ikawa kama imeuma ukuta, joto hushuka bila kununua kitu kingine. Nyaya za umeme nazo zifungwe pembeni, mbali na mdomo wa feni. Katika kasha kubwa fungu la nyaya ni uchafu wa macho tu, katika kasha la lita saba ni ukuta.

MAHALI PA KUIWEKA

Katika nyumba nyingi kila chombo cha thamani huvikwa kitambaa cha kufuma. Redio huvikwa, televisheni huvikwa, na kompyuta mpya haitaachwa uchi. Ni mapambo mazuri na ni heshima ya mwenye nyumba, lakini kitambaa kikilazwa juu ya matundu ya kasha dogo kimeziba dohani. Kitandikwe chini yake basi, ikiwa hewa haiingilii upande huo, na kama kasha lina matundu chini lisimamishwe juu ya vijiguu vyake, juu ya mbao au bamba gumu. Lisiwekwe kitandani wala juu ya zulia. Kati ya matundu na ukuta wa nyumba ibaki nafasi ya kupitisha mkono.

Vumbi jekundu la kiangazi huingia kila mahali, na mapezi ya kipozajoto huwa karibu karibu sana hata tabaka jembamba huziba. Mwezi mmoja wa kiangazi kando ya barabara isiyo na lami watosha kuonekana. Vumbi lisafishwe kwa brashi laini baada ya kuzima na kuchomoa umeme, na feni ishikwe kwa kidole isizunguke.

Kuna jambo jingine ambalo maandishi ya viwandani hayalitilii mkazo. Hewa ya miinuko ni nyepesi kuliko ya pwani. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa uzito; Kabale, karibu na mita 2,000, upungufu unakaribia sehemu moja ya tano. Feni inayozunguka kwa mwendo uleule husukuma lita zilezile, lakini kila lita inabeba joto kidogo zaidi ya hapo pungufu. Ubaridi wa Kabale hulipa deni hilo na kubakiza, maana hewa inayoingia imeanza ikiwa baridi. Kampala mchana wa jua hailipi. Dereva wa lori aliyepandisha mzigo milimani amekwisha kuonja jambo hili katika injini yake.

Ili kujua kasha limepangwa vyema au vibaya, kuna jaribio moja la jioni lisilotaka fundi. Kompyuta ipewe kazi nzito kwa muda wa nusu saa, kasha likiwa limefungwa kama kawaida, na joto la prosesa lisomwe. Programu za kulisoma zinapatikana bure. Kisha ubavu mmoja wa kasha ufunguliwe, kazi ileile ikaendelea kwa nusu saa nyingine, na joto lisomwe tena. Likishuka kwa digrii mbili tatu tu, kasha halina lawama, na kilichobaki ni kupunguza wati au kutafuta kipozajoto kikubwa zaidi. Likishuka kwa digrii kumi au zaidi, prosesa ilikuwa inakosa hewa: yatazamwe matundu, nyaya, pengo la feni na kile kitambaa, kwa mpango huo, kabla ya kununua kitu chochote.